Maji ya Mzee wa Bisil

Ukitaka kujua Wilkister alikuwa mtu wa aina gani, uliza mama yeyote anayeuza samaki kwa soko ya Kitengela. Atageuka kwanza aangalie nyuma, aone kama Wilkister mwenyewe hayuko karibu, ndio akuambie. Mdomo wa Wilkister ulikuwa kama kisu cha kuparia samaki. Haukati tu, unatoa magamba yote mpaka unabaki uchi mbele ya wateja. Amepita miaka sabini na tano, mgongo umepinda, jicho moja lina ukungu, lakini ukimpunja hata samaki mmoja mdogo wa kukaangwa, hilo jicho la ukungu ndilo litakuona.

Sasa huyo huyo Wilkister, kila Novemba, Jumamosi moja, alikuwa anaamka kabla ya jogoo. Anapika uji wa wimbi, anachemsha viazi vitamu mpaka vilegee kama vya mtoto, anajaza chai kwa thermos mbili kubwa, halafu anapanda gari na wazee waliokuwa askari zamani, anaenda nao mpaka Bisil kuangalia jiwe. Jiwe lenyewe si kitu cha kupigia kelele. Wazee walichangishana wenyewe wakalisimamisha kando ya kanisa, wakaandikisha majina ya wenzao waliokwenda vitani hawakurudi. Mvua imelila, ndege wamelinyea. Lakini ni lao.

Na hao wazee walihitaji mtu. Mmoja anashuka gari akisahau viatu ndani. Mwingine hawezi kutafuna. Mwingine akikohoa lazima umshike mgongo asianguke. Watoto wao wako wapi? Wako na kazi. Watoto wa siku hizi wanakuwa na kazi siku ile tu mzazi anawahitaji.

Watu wa kanisa waliona Wilkister akibeba masufuria wakasema, "Mama Dalmas ako na roho nzuri." Wilkister akisikia hivyo alikuwa anacheka kwa pua. Roho nzuri! Hakuwa anaenda kwa ajili ya wazee. Alikuwa anaenda kwa ajili ya mzee mmoja.

Huyo mzee hapa tutamwita Parmuat. Jina lake la kweli liache lilale. Sababu utaipata mbele.

Wilkister aliolewa akiwa msichana kabisa, huko Seme, na kijana askari anaitwa Ondiek. Mrefu, mwenye kucheka ovyo, mwenye kupiga viatu rangi mpaka kuku wanajiona. Walikaa pamoja msimu mmoja wa kupanda na mmoja wa kuvuna, basi. Ondiek akapelekwa kaskazini wakati wa vita vya shifta, akamwacha bibi yake na mimba. Mimba ikawa mtoto, mtoto akaitwa Dalmas, na baba hajamwona. Halafu siku moja akaja mtu na baiskeli, akasimama nje bila kuingia, akasema Ondiek hajulikani aliko. Hakusema amekufa. Alisema hajulikani aliko, akapanda baiskeli yake, akaenda.

Kwa Wajaluo mtu akifia mbali na mwili usipatikane, kuna njia. Linatafutwa tunda la yago, lile refu, zito, linaloning'inia kwa mti kama mguu wa mtu. Linafungwa shuka, linaliliwa, linachimbiwa kaburi, linalazwa humo kama mwenyewe. Baada ya hapo mambo ya nyumba yanaendelea. Lakini lazima kuwe na mdomo. Lazima mtu asimame aseme: mimi nilikuwa na yeye, huyu mtu hayuko tena. Huwezi kuzika yago ya mtu ambaye pengine yuko hai mahali anakula ugali. Hapo si kuzika, hapo ni kuua.

Wazee wa Seme wakangoja mdomo. Mdomo haukuja. Wilkister akabaki kama nguo iliyosahaulika kwa kamba. Si bibi ya mtu, si mjane. Hakunyolewa nywele. Hakulia, kwa maana angemlilia nani? Mwanaume akija kumtaka anaambiwa huyo ana bwana. Ukiuliza bwana yuko wapi, watu wanaanza kuangalia miti. Dalmas naye akakua, akasoma, akapata kazi ya mshahara, akaoa, akaota mvi, na bado alikuwa hajajenga boma lake huko nyumbani. Mtoto anatolewa na baba yake kwenda kujenga, ama na ndugu ya baba kama baba ameshazikwa, na wa kwake hakujulikana kama ni mtu ama ni kivuli. Ndio maana mzee mzima alikuwa anakaa nyumba ya kupanga Kitengela, kama kijana aliyefika jana, na mama yake ndani, akimlelea wajukuu.

Hiyo habari ya Parmuat aliipata kwa samaki. Kulikuwa na mteja wake, mzee Ndulu, Mkamba wa mguu mmoja, mwenyekiti wa hao askari wazee. Siku moja wanabishana juu ya kichwa cha mbuta, Wilkister akasema, "Mimi nilikuwa bibi ya askari Ondiek, usinitishe na hiyo fimbo yako." Ndulu akaacha samaki chini.

"Ondiek? Ule wa kucheka? Kwani wewe ndio bibi yake?"

"Ulimjua?"

"Nilimjua kambini. Lakini kuna Mmasai wa Bisil, yeye alikuwa naye lori moja ile siku. Wengine wote wa hiyo lori wamekwisha. Amebaki huyo."

Wilkister alifunga meza yake mapema. Novemba hiyo akaomba kuwapikia wazee, na hakuna aliyekataa, kwa maana hakuna mwingine aliyetaka.

Basi siku ya kwanza walipofika kwa jiwe, alimwona Parmuat. Mzee mwembamba, kofia ya zamani ya jeshi, shuka nyekundu juu ya koti, masikio yametobolewa yananing'inia. Wilkister hakuzunguka. Alimsimamia mbele akasema, "Mimi ni bibi ya Ondiek. Nataka uniambie Ondiek alikufa wapi, na alikufa namna gani."

Mzee alimwangalia kama mtu aliyepigwa kofi. Akavuta shuka akafunika mdomo. Akageuka, akaenda kusimama kwa ua wa kanisa, peke yake, mpaka gari ikaondoka.

Mwaka wa pili, hivyo hivyo. Mwaka wa tatu Wilkister akasema hilo jina kwa sauti ya juu, watu wa kanisa wakatoka nje kuangalia. Mzee akaenda kwa ua. Ikawa ndiyo desturi yao. Wilkister anarusha jina kama mtu anarushia mbwa jiwe, mzee anafunika mdomo anaondoka.

Na kilichomchoma zaidi ni hiki. Ndulu alikuwa anaita yale majina ya kwa jiwe moja moja, na kila mzee anamwitikia mwenzake, "Yuko hapa!" Akifika kwa Ondiek, kimya. Parmuat anasogea, anatoa chupa ya plastiki chini ya shuka, anamwaga maji pale chini ya jiwe, polepole, mpaka tone la mwisho. Halafu anarudi kwa ua.

"Anaosha damu," Wilkister akamwambia Ndulu. "Muone. Alimuua."

"Mama Dalmas, usiseme kitu hujui."

"Kama ni uwongo, si aseme? Mdomo anao. Chai yangu si anakunywa nayo?"

Kweli chai alikuwa anakunywa. Lakini wazee wengine Wilkister aliwapa kikombe mkononi. Cha Parmuat alikuwa anakiweka chini, kwa mchanga, hatua chache kutoka alipo, na anageuka. Mzee anainama, anaokota, anapuliza vumbi, anakunywa. Hakulalamika hata siku moja. Wilkister akasema hiyo nayo ni dalili ya mwenye kosa.

Miaka ikaenda hivyo. Halafu mwaka juzi mambo yakabana. Huko Seme alikuwa amebaki mzee mmoja tu wa kupokea hilo neno, Ogutu, mdogo wake Ondiek, na huyo Ogutu alikuwa amelala kitandani, macho yameisha, masikio yanaisha. Akienda yeye, hata mdomo ukipatikana hakutakuwa na sikio. Vijana waliobaki huko wanajua Ondiek kama wanavyojua Farao. Dalmas alimwambia mama yake, "Mama, wacha tu. Mimi nitazeekea hapa hapa Kitengela. Watu wengi wanazeekea hapa."

"Wewe unaweza kuzeekea hata kwa choo," Wilkister akamjibu. "Mimi nikifa watanizika kando ya nani?"

Wilkister akaenda kuosha thermos.

Mwaka huo dereva alikuwa Mutinda, mtu wa kelele, tumbo mbele. Kitengela hawajatoka ameshaanza, "Mathe, hizo viazi ni za wazee peke yao ama hata dereva ni shujaa?"

"Wewe umepigana vita gani?"

"Niko na mabibi wawili."

Wazee wakacheka mpaka mmoja akaanza kukohoa, Wilkister akamshika mgongo huku anamtukana Mutinda. Kisaju wakapakia mmoja aliyekuwa amevaa medali zake zote juu ya sweta ya mjukuu. Kajiado mjini wakashuka kusalimu kibao kidogo cha kumbukumbu kilichowekwa huko na wazee wengine waliowatangulia, na yule wa medali, ambaye macho yake ni ya kukisia, akasimama wima akapigia mlingoti wa stima saluti nzuri kabisa. Hakuna aliyecheka. Ndulu alimshika bega, akamgeuza taratibu kama unavyogeuza mtoto mbele ya kamera, na yule mzee akapiga saluti tena. Wilkister aliangalia upande. Alikuwa hapendi kuona vitu kama hivyo asubuhi.

Bisil ilikuwa siku ya mnada. Ng'ombe barabarani, mbuzi wamefungwa miguu, vumbi na matope kwa pamoja kwa sababu ya mvua kidogo ya usiku. Parmuat alikuwa anangoja kwa baraza ya duka la dawa za mifugo, na mwaka huo hakuwa peke yake. Alikuwa na binti yake anaitwa Nashipae, mwanamke wa makamo, mwenye duka hilo. Mzee alikuwa amekwisha. Miguu ilikuwa inatetemeka ndani ya viatu. Ilibidi Nashipae na Mutinda wamshike huku na huku mpaka kwa jiwe, na chupa yake ya maji akaibeba mwenyewe, hakukubali mtu aishike.

Ndulu akaita majina. Wazee wakaitikia, sauti zimekuwa nyembamba kama za mbuzi wadogo. Akafika kwa Ondiek. Kimya. Parmuat akamwaga maji yake, mengine yakamwagikia kiatu.

Wilkister akaona, ni leo ama basi. Akaweka kikapu chini, akajifunga leso kiunoni, akaenda. Alikuwa amefungua mdomo tayari, lile jina liko kwa ulimi, wakati Nashipae alisimama katikati yao.

"Yeyo, ngoja." Yeyo kwa Kimasai ni mama. "Tafadhali. Hilo jina wacha."

"Toka hapo. Wewe hii maneno ilikupata hujazaliwa."

"Najua. Lakini wewe ndio yule mama?"

"Mama gani?"

"Kila mwaka baba akitoka hapa anarudi nyumbani hali chakula. Siku mbili, tatu. Tukimuuliza ni nini, anasema kuna mama huko kwa jiwe anampiga. Mimi nikafikiria ni mzee anasahau vitu. Leo nimekuja nione ni mama gani anapiga mtu mzee."

Wilkister akashika kiuno. "Mimi sijawahi kumgusa baba yako!"

"Unamtajia mtu aliyelala." Nashipae akateremsha sauti. "Yeyo, sisi ni watu wa kanisa, tumebatizwa wote. Lakini wazee hii kitu hawajaacha. Mtu akishalala, jina yake hatutaji. Ukitaja ni kama unamwita, na yeye hawezi kuja. Unamchoma yeye, unachoma na wale walimpenda. Baba akiskia hilo jina ni kama umemmwagia maji moto."

Wilkister alinyamaza. Watu waliokuwa hapo wanasema ndiyo mara ya kwanza walimwona akinyamaza bila kula kitu.

"Na mbona yeye hakuniambia hivyo? Miaka yote hii?"

"Angekuambia aje, bila kumtaja?"

Huko mnadani mtu alikuwa anapiga kelele juu ya bei ya fahali. Wilkister aliangalia yule mzee aliyeketi kwa kiti cha plastiki, mdomo ndani ya shuka. Kwao Seme mtu akifa, jina ndilo chakula cha matanga. Unaliita ukitoka, unaliita ukiingia, unakimbia nalo mpaka mtoni. Mfu asiyetajwa ni mfu aliyetupwa. Sasa huyu mzee amekaa na Ondiek ndani ya kifua miaka yote, amemfungia mlango, na Wilkister alikuwa anapiga huo mlango mateke.

"Sasa nifanye nini?" akauliza, na hakuuliza kwa upole.

"Muulize bila jina. Sema, yule mtu wako."

Wilkister akavuta kiti akaketi mbele ya mzee, goti kwa goti. Ikamchukua muda kupata sauti, maana sauti ya hivyo hakuwa anaitumia sana.

"Mzee. Yule mtu wako. Yule wa kucheka. Ilikuwaje?"

Parmuat akatoa shuka mdomoni. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi kifupi.

"Yeye alinipa mbuzi," akasema. "Tulikula na yeye. Sisi mtu akikupa mbuzi, unamwita Pakine, na yeye anakuita Pakine. Kwa hivyo mimi sikuita yeye jina ingine. Pakine tu."

"Endelea."

"Lori ilikanyaga bomu. Ile ya kufukiwa. Mimi nikarushwa nje, sina hata kidonda. Yeye, miguu hakuna. Mimi nikabeba yeye, nikaweka kwa kivuli ya mti ya miiba. Damu mingi. Anasema, Pakine, leta maji. Maji hakuna, mtungi imepasuka. Mkubwa wetu anasema twende, shifta wanarudi, watamaliza sisi. Mimi nikaambia yeye, ngoja. Naenda kuleta maji." Mzee akaangalia chupa tupu. "Akasema sawa. Akacheka kidogo. Mimi nikaenda."

"Ukarudi?"

"Walikataza. Tulirudi siku nyingi baadaye. Lori iko. Mti iko. Yeye hakuna. Hata mfupa."

Wilkister akauliza ile kitu alikuwa amekuja kuuliza miaka yote. "Kwa hivyo hukumwona akifa."

"Hapana."

"Ulimwacha hai."

"Ndio."

"Anangoja maji."

"Ndio, mama."

Hapo mtu mwingine angemshika mkono. Wazee wote walikuwa wanafuta macho, hata Mutinda na tumbo lake alikuwa ameangalia ukuta wa kanisa. Wilkister hakumshika mkono. Alikaa pale, akaona kwa kichwa chake kile kivuli cha mti, na bwana yake wa miaka ishirini na kidogo anaangalia njia, anaangalia njia. Akawaza, mimi nilikuwa nangoja Seme na yeye anangoja huko, na mtu wa kutuunganisha alikuwa anakunywa chai yangu.

Halafu akasimama. "Mutinda! Lete hiyo simu yako yenye sauti kubwa. Nipigie Seme."

Simu ikaita, ikaita, ikashikwa na mjukuu, ikapelekwa kitandani kwa Ogutu. Sauti ya mzee ikatoka hapo kama mtu yuko ndani ya pipa.

"Halo! Ni nani? Nani amekufa?"

"Yuora, ni mimi, Min Dalmas." Yuora ni shemeji, Min ni mama. "Hakuna mtu amekufa. Ama amekufa zamani. Nimepata mdomo."

"Nini?"

"Mdomo! Nimepata mdomo! Mtu aliyekuwa na yeye!"

Halafu Ogutu akaomba ainuliwe akae, wakasikia kitanda kikilia. "Mwambie aseme. Kwa Kiswahili. Nasikiliza."

Parmuat akasema yote tena, karibu na simu, Mutinda ameishika kama anashika yai. Akasema miguu haikuwepo, damu iliisha kwa mchanga, jua ni lile la kaskazini. Akasema, "Hakuna mtu anaweza kupona hiyo. Mimi ni askari, najua. Yeye alilala hapo."

"Yeye nani?" Ogutu akauliza.

Parmuat akavuta shuka akafunika mdomo.

"Nasema, yeye nani? Mimi siwezi kuzika yeye. Watu wengi walikufa huko. Mwambie ataje jina, niskie kwa mdomo wake."

"Hapana," Nashipae akasema haraka. "Papa, hapana. Yeyo, mwambie huyo mzee ni desturi, mwambie ameshasema kila kitu, si inatosha? Wewe si umtajie?"

"Mimi siwezi kuwa mdomo. Mimi sikuwa huko."

"Baba ni mgonjwa, Yeyo. Nakuomba."

Wilkister angeweza kumwachilia. Hiyo lazima isemwe. Mzee alikuwa anamwangalia, na macho yake yalikuwa yanaomba, hata kipofu angeona. Ndulu akasema, "Mama Dalmas, tafuta njia ingine." Lakini njia ingine ilikuwa wapi?

"Nimelitaja peke yangu tangu Dalmas akiwa tumboni," Wilkister akasema. "Leo ni zamu yako. Taja."

Parmuat akaomba asimamishwe. Akavua kofia. Akaweka mkono juu ya jiwe, akafunga macho, akasema, "Ondiek." Ikatoka kama mtu anatapika mwiba.

"Sijaskia!" simu ikapiga kelele. "Hii masikio yangu! Rudia!"

Nashipae akageuka, akafunika uso.

"Ondiek!" mzee akaita, kwa sauti yote iliyobaki ndani yake, sauti ya mtu anayeita mwingine ng'ambo ya bonde. "Ondiek!"

Ng'ombe wa mnadani ndio waliojibu.

Huko Seme Ogutu alianza kulia. Mzee wa kitandani, kipofu, analia kwa simu ya watu kama mtoto aliyepigwa, "Uwi, owadwa, uwi, ndugu yangu." Na hapo Wilkister akaanguka magoti kwa matope ya Bisil, akaweka mikono kichwani, akalia. Alilia vile wanawake wa kwao wanalia, kwa sauti ya kupanda na kushuka, akamwita bwana yake kwa majina yote, la kuzaliwa, la sifa, la kitandani. Watu walikuja kutoka mnadani na fimbo zao kuangalia ni nini. Alikuwa anafanya kazi aliyonyimwa akiwa msichana, na aliifanya yote, hakuacha kitu.

Alipomaliza, Parmuat alikuwa ameketi tena. Alisema neno kwa Kimasai. Nashipae akasema, "Anataka maji aoshe mdomo."

Chupa ilikuwa tupu. Maji yake yote yalikuwa yameshaingia chini ya jiwe. Wilkister akachukua kikombe, akamimina maji kutoka kwa mtungi wake, akamletea. Kila mtu aliangalia huo mkono. Ukafika karibu na mkono wa mzee, ukasimama kidogo. Halafu akakiweka chini.

Nashipae ndiye aliyekiokota. Alimwangalia Wilkister kwa muda mrefu.

"Yeyo, wewe ni mtu mgumu."

"Ndio," Wilkister akasema, akaenda kukusanya masufuria.

Yago ilizikwa kabla ya Krismasi. Ogutu alibebwa na godoro mpaka kando ya kaburi, akashika udongo akautupa, na hakumaliza mwezi. Wilkister akanyolewa nywele, nyeupe zote, akakaa chini kwa majani kama mjane msichana, wajukuu wake wanamchungulia. Dalmas alichinja jogoo, akatolewa, akaweka nguzo ya kwanza ya boma lake akiwa na miaka ya kustaafu. Watu walisema sasa huyo mama atakuwa mtamu. Alirudi Kitengela, na siku ya kwanza sokoni alimtukana mtu wa barafu mpaka akasahau barafu yake.

Parmuat hakufika msimu wa mvua kubwa. Habari aliileta Mutinda, Nashipae hakupiga simu. Huko Bisil kuna wanaosema lile jina ndilo lililommaliza, kwamba tangu siku hiyo hakula vizuri tena. Wilkister akasema mzee alikuwa na miaka yake, na miaka ndiyo inaua. Alisema hivyo mara moja. Hakurudia, na Mutinda alisema siku hiyo alimpa samaki bila kubishana.

Novemba ikafika tena. Wazee walikuwa wamepungua, gari lilikuwa na nafasi ya kulala. Kwa jiwe Ndulu akaita majina ya zamani, halafu akasafisha koo, akasema, "Na sasa tumuongeze mwenzetu aliyetutoka mwaka huu, askari—"

"Koma hapo," Wilkister akasema.

"Mama Dalmas, ni heshima tu."

"Funga mdomo, Ndulu. Huyo hatajwi."

Ndulu akafunga. Wilkister akachukua kikombe, akakijaza maji, akaenda nacho mpaka pale mzee alipokuwa anapenda kusimama, kwa ua. Akainama, akakiweka chini kwa mchanga, kama siku zote.

Walipokuwa wanarudi kwa gari, Mutinda akamuuliza polepole, "Mathe, kwa hivyo umemsamehe?"

"Nani amekuambia?"

Akahesabu wazee wake, akakuta mmoja hana kiatu, akarudi kukitafuta.